Siku Feza Alipooshwa Miguu

Watu wengine wakisikia harufu ya kafuri hukumbuka msiba, au kabati la nguo za bibi yao. Mimi huona wivu. Unanishika hapa chini ya koo, mtu mzima mwenye watoto, hata nikiwa nimesimama tu kwenye foleni ya duka la dawa kule Makiso, katikati ya mji wetu wa Kisangani. Juzi mwuzaji alifungua kikopo fulani nyuma ya kaunta, harufu ikanijia, na papo hapo nikawa mtoto tena: nimeshika kikombe cha maji, namwangalia mdogo wangu Feza aliyekaa mkekani kama malkia, na mke wa bosi wa Papa amepiga magoti mbele yake. Nikatoka dukani bila kununua nilichofuata. Jioni ile ile Papa akanipigia simu kuniambia Madame Sushila amefariki huko kwao India. Sisemi kwamba mambo hayo mawili yanahusiana. Nasema tu kwamba yalikuja siku moja.

Papa alikuwa mtunza ghala wa Mhindi mmoja aliyeuza vitenge, masufuria na vipuri vya baiskeli. Tulikaa uani nyuma ya duka lake, vyumba viwili na bomba la maji, na Mhindi mwenyewe alikaa mbele na mkewe, Madame Sushila. Watoto wao wawili, wote wavulana, walikuwa wanasoma mbali na walikuja mara chache. Kati ya jiko la Madame na mahali petu pa kuoshea vyombo palikuwa na ukuta wa matofali yenye matundu, ule unaopitisha hewa. Ulipitisha na mengine mengi.

Kila asubuhi, kabla duka halijafunguliwa, ungesikia kengele ndogo, kisha harufu ya kafuri inayoungua, halafu sauti yake. Kupitia tundu moja lililovunjika pembeni niliona kila kitu. Kulikuwa na picha ya mwanamke mwenye mikono mingi, amekaa juu ya simba bila wasiwasi wowote, amevaa dhahabu kama anakwenda arusini. Madame alimwita Mama tu. Aliketi mbele yake na shanga mkononi, akawa anarudia sauti zile zile, zile zile, mpaka maji yangu ya kuoshea vyombo yakapoa. Hazikuwa maneno ninayoyajua. Aim. Hrim. Klim. Zilikuwa fupi na zililia puani, kama nyuki aliyefungiwa kwenye chupa, na baada yake zilifuata nyingine ndefu zaidi.

Mimi nilielewa mara moja anachofanya, au nilidhani nimeelewa. Miaka ile, ukitaka kuzungumza na ndugu zako wa Kindu, ulikwenda kwenye foni, ile redio ya mawimbi mafupi iliyokuwa na kijana mmoja wa kuiendesha. Kijana yule aliita jina la kituo cha upande wa pili, akaliita tena, akaliita tena, huku redio inakoroma, na wewe umekaa kwenye benchi unasubiri. Nilikwenda huko na Mama mara nyingi kumtafuta nyanya yetu. Hakuna aliyemuuliza kijana kwa nini anarudia neno moja. Anarudia kwa sababu bado hajajibiwa. Basi nami nikajua kwamba Madame anamwita yule Mama wa kwao, India ni mbali, mawimbi ni mabaya, na siku moja sauti itajibu. Nilitaka niwepo siku hiyo.

Kwa hiyo nikajifunza. Nilipokuwa nasugua sufuria kwa mchanga nilizisema sauti zile pamoja naye, chini chini, upande wetu wa ukuta. Nilizijua zote kwa mpangilio wake, na nilijua mahali anapovuta pumzi. Feza hakujua hata moja. Feza alikuwa na miaka sita au karibu na hapo, na jambo pekee alilosema kuhusu ile picha ni kwamba mwenye mikono yote ile lazima anafua haraka.

Niseme wazi nilikuwa nataka nini, maana bila hilo mengine hayaeleweki. Nilitaka kuwa mtoto wa Madame. Si kwamba Mama yangu alikuwa na kasoro. Mama alikuwa na sisi, na soko, na Papa, na kanisa, na mikono miwili tu. Madame alikuwa na nafasi. Saa za mchana, duka likifungwa kwa jua, aliniita jikoni kwake, akanipaka mafuta ya nazi kichwani na kunisuka msuko mmoja mnene kama wake. Alinifundisha kusukuma chapati ziwe duara. Zangu zilikuwa na pembe, naye alicheka, akala ile yenye pembe nyingi kuliko zote. Hakumwita Feza. Feza alikuwa na kamasi na alivunja vitu. Pale jikoni nilikuwa peke yangu, na kila dada mkubwa anayesoma hapa anajua utamu wa kuwa peke yako.

Halafu ikafika sikukuu yao ya siku tisa, wakati mvua zinapiga mabati mpaka watu wanazungumza kwa mikono. Madame alifunga, akawa anakula matunda tu, na asubuhi aliketi na shanga zake muda mrefu kuliko kawaida. Siku moja alikuja kwenye ukuta wa matundu na kumwita Mama yangu. Mimi nilikuwa nimechutama palepale na vyombo vyangu.

Alisema mwisho wa sikukuu wanatafuta wasichana wadogo, wanawaosha miguu, wanawalisha vizuri na kuwaabudu, kwa sababu siku hiyo yule Mama anakaa ndani yao. Kwao India mitaa imejaa wasichana, unachagua. Kisangani hapakuwa na msichana hata mmoja wa Kihindu. Kwa hiyo ameamua kuomba watoto wa majirani, na angependa kuanza na hapa hapa uani.

Mama aliweka chini kisu alichokuwa anakatia pondu, yale majani ya muhogo.

"Madame, sisi iko Wakatoliki," alisema. "Mutoto wangu ataabudiwa namna gani?"

"Miye nitaosha miguu yake tu, Mama. Na nitamupa chakula. Weye hautafanya kitu."

Mama alifikiri. Nilimwona anafikiri, mdomo umemtoka mbele. Kisha akasema, zaidi kwa nafsi yake, kwamba Alhamisi Kuu hata Padri anaosha watu miguu, na miguu ya wengine pale kanisani, acheni tu. Akakubali.

Nilijua ni mimi. Kwetu mkubwa anatangulia: sahani ya kwanza, viatu vipya, komunio ya kwanza, kila kitu kinampitia mkubwa ndipo kimfikie mdogo kikiwa kimechakaa. Juu ya hayo, mimi ndiye niliyejua kuita. Kama yule Mama alikuwa anatafuta mahali pa kukaa siku moja mjini Kisangani, angekaa wapi kama si ndani ya mtu anayemwita kila asubuhi?

Ndipo Madame akashusha sauti, lakini matundu ni matundu.

"Mukubwa ameisha kuona mwezi?"

"Ndiyo, Madame," Mama akasema. "Tangu juzi juzi tu."

"Ah, bon. Basi mudogo ndiye atakuja. Mukubwa atanisaidia na kazi ya jikoni."

Hata leo nikiandika haya mashavu yananiwaka. Jambo ambalo Mama aliniambia ni siri yangu na yake lilikuwa limepita ukutani kama moshi, na kwa sababu yake nilikuwa nimeondolewa. Hakuna aliyenieleza chochote. Nilijieleza mwenyewe, na mtoto akijieleza mwenyewe huwa hajihurumii: nimechafuka. Feza ni safi, mimi nimechafuka. Feza wa kamasi.

Siku yenyewe Mama alimsugua Feza kwa sabuni mpaka akalia, kisha akamvalisha gauni jeupe. Gauni lile lilikuwa langu. Ni mimi niliyepokea komunio nalo, ni mimi niliyetembea nalo katikati ya kanisa huku Papa ananikonyeza. Lilikuwa limenibana mabegani, hilo ni kweli, lakini hakuna aliyeniuliza. Nilisimama mlangoni nikaangalia vifungo vyangu vikifungwa kwenye mgongo wa mwingine.

Walikuwa wasichana wachache, Feza na watoto wa akina mama wauza samaki wa barabara ya pili, wote wamekaa mkekani sebuleni kwa Madame, macho yamewatoka. Mimi nilikuwa jikoni nasukuma puri, zile chapati ndogo zinazovimba kwenye mafuta. Mikono ilifanya kazi na macho yalikuwa sebuleni. Nikaona Madame anakuja na beseni la shaba, maji yaliyochanganywa na maziwa. Akapiga magoti. Mwanamke huyu ambaye Papa alivua kofia kila alipopita alishika mguu wa Feza, ule mguu wenye kovu la baiskeli, akauosha taratibu kati ya vidole, akaufuta kwa kitambaa, akaupaka rangi nyekundu pembeni. Akamfunga uzi mwekundu mkononi, akamvika bangili za kioo na mtandio mwekundu wenye ukingo wa dhahabu. Kisha akainama mpaka paji lake la uso likagusa miguu ile. Akawa anazisema sauti zile, zangu, chini chini, na safari hii hakuzisema kwa picha. Alimwambia Feza.

Na Feza alikuwa anajikuna.

Ilibidi niwapelekee chakula. Puri, dengu nyeusi, halua inayong'aa kwa samli. Nyumbani kwetu mdogo ndiye anayemletea mkubwa maji ya kunawa, hilo halina mjadala. Pale niliinama na sinia mbele ya mtoto ambaye nilimbeba mgongoni, naye akaniangalia kutoka chini ya mtandio wake wa dhahabu, mdomo umejaa halua, akaniita kama tunavyomwita dada mkubwa:

"Yaya, niletee mayi."

Nilimtazama Madame nikitumaini atamkemea. Madame alitabasamu, machozi yakimlenga.

"Mama anaomba mayi," akasema. "Enda, mulete."

Nilikwenda. Nilijaza kikombe. Nilirudi nacho mpaka mlangoni, na hapo nikasimama. Kitu kilichokuwa kimenikaa kooni tangu siku ya ukutani kikapanda, na nilipofungua mdomo hakikutoka kilio. Zilitoka sauti. Nilizisema zote, kwa nguvu, kama yule kijana wa foni wakati mvua inanyesha na kituo cha pili hakisikii. Aim, hrim, klim, na zote zinazofuata, moja baada ya nyingine, bila kukosea hata mahali pa kuvuta pumzi. Nilitaka yule mwenye mikono mingi asikie ni nani aliyekuwa akimwita siku zote hizi. Nilitaka aone amekaa ndani ya mtoto asiye wake.

Watoto waliacha kutafuna. Madame aliinuka haraka kuliko nilivyowahi kumwona akiinuka, akavuka mkeka, akaniziba mdomo kwa kiganja chake. Kilinuka samli na manjano. Hakunipiga. Aliniziba kama unavyofunika sufuria inayofurika, akanisukuma jikoni, akafunga mlango.

"Hiyo haisemwiki na makelele," alisema. Alikuwa anahema. "Hiyo inakaa hapa." Akagusa koo langu, kisha kifua.

"Miye ndiye najua!" nililia. "Feza hajui hata moja! Amekula tu!"

"Najua kama unajua. Nakusikiaka kwa ukuta kila asubuhi."

Sikuwa nimewahi kufikiria kwamba ukuta unapitisha sauti pande zote mbili.

"Weye ulifikiri nimekukataa," akasema.

"Miye iko muchafu."

Alishangaa, kweli kabisa. Alikaa kwenye kigoda chake cha kupikia tukawa uso kwa uso, na akaniambia kwa Kiswahili chake cha dukani, akitafuta kila neno. Mtoto mdogo hana haja ya kuita. Anaitwa. Anakaa tu, anakula, hajui chochote, na kesho amesahau. Lakini msichana akikua, hawezi tena kukaa akioshwa miguu. Sasa ni zamu yake kuita. "Kuitwa iko kwa siku moja," alisema. "Kuita iko kwa maisha yote. Mama yangu alinipa yangu jikoni, siku ile nilikua. Hatukuwa na mahali pengine pa kufungia mulango."

Akaniambia ninawe mikono na kusukutua mdomo. Kisha akavuta ncha ya sari yake akatufunika nayo vichwa vyote viwili, na ndani ya giza lile jekundu, puri zikiungua kwenye mafuta, alisogeza mdomo kwenye sikio langu la kuume akanipa sauti ambazo hazikuwa zile za ukutani. Zilikuwa nyingine. Alirudia mpaka nikazishika. Akasema hizi ni zangu. Nisimwambie mtu. Si Papa, si Mama, si Padri, si Feza. Ukizitoa nje kwa mtu zinabaki hewa tu.

Mlango ulipofunguliwa nilikuwa mtu mwingine. Nilimpelekea Feza maji yake kwa mikono miwili, na hata nikampigia goti kidogo, kwa kejeli, lakini hakuna aliyejua. Akae na bangili zake. Bangili za kioo zilivunjika zote kabla ya Noeli. Uzi ulioza kwenye maji ya kufulia. Changu hakikuvunjika. Na kilichokuwa kitamu zaidi, sifichi, ni kwamba Feza aliona mlango ule ukifungwa. Kwa miezi alinifuata uani akiniuliza, "Yaya, Madame alikuambia nini?" Nami nilisugua sufuria yangu, nikaangalia mawingu.

Nimeziita sauti zile maisha yangu yote. Mimi ni Mkatoliki, nasali rozari yangu, na nikimaliza rozari, vidole bado vina moto, nasema zile nyingine, kwa ndani, bila kutikisa ulimi. Nilizisema nilipozaa. Nilizisema siku tulipomzika Mama. Sijui kama kuna aliyejibu. Nilijua tu kwamba katika mji huu wote, kuanzia maporomoko ya Tshopo mpaka Kapalata, hakuna mwingine mwenye nazo, na hilo lilinipa joto ambalo huenda si la kidini sana.

Baadaye Mhindi aliuza duka, wakaondoka, na pale sasa wanauza pikipiki. Miaka ikapita bila habari, mpaka simu ile ya Papa.

Jumamosi tulikwenda kwake Kabondo, mimi na Feza, tupike na kukaa naye kidogo, maana alimheshimu sana yule mama. Feza sasa ni mwanamke mnene mwenye sauti, anauza vitambaa soko kuu, ana kicheko kinachowafikia watu wa ng'ambo ya mto. Tulikaa uani, yeye anatwanga pondu, mimi napara samaki. Nikamuuliza kama anakumbuka siku alipooshwa miguu.

"Halua ilinichoma ulimi," alisema. "Na ule mulango ulifungwa. Nilikaa pale na mutandio wangu wa dhahabu, naangalia mulango. Sijaonaka wivu kama ile siku, Yaya, nakuapia."

Nilicheka mpaka nikapata magamba mdomoni. Siku yangu ya wivu mkubwa ilikuwa pia ya kwake, na hakuna aliyeniambia. Nilimwonea huruma, mdogo wangu wa kamasi, na katika huruma hiyo nikakaribia kumwomba msamaha.

"Lakini alinipa nami baadaye," akasema, na kuinua mchi.

"Alikupa nini?"

"Yangu. Ulikuwa Kindu kwa masomo. Siku niliona mwezi, aliniita jikoni, akanifunika na ile nguo yake. Nasemaka kila asubuhi mbele ya kufungua meza sokoni." Alitwanga. "Weye haukujua?"

Sikujua. Kisu kilikuwa mkononi na samaki alikuwa mkononi, na chini ya koo, pale pale, kafuri ikaungua. Miaka yote ile. Alisema ni zangu. Hakuwahi kusema hatatoa nyingine. Hakuwahi pia kusema kama ni nyingine au ni zile zile.

"Sema nisikie," nikamwambia.

"Ah-ah. Sema weye wa kwanza, weye iko mukubwa."

Tukaangaliana. Yeye akarudia kutwanga, mimi nikarudi kwa samaki. Nilitaka kumuuliza kama ni ndefu, maana yangu si ndefu sana, na nilianza kuhesabu kwa ndani. Nikajizuia. Mtu mzima. Madame bado hajatimiza hata juma moja kaburini, au kwenye moto, au popote wanapowaweka.

Papa alitoka ndani na kiti chake, akakaa kati yetu, akasema tumkumbuke mama yule kila mtu kwa namna yake. Tukainamisha vichwa. Nilianza kuita, kwa ndani, kama alivyonifundisha. Kisha nikafungua jicho moja. Feza alikuwa amefumba macho na midomo yake ilikuwa inatikisika kidogo tu, hakuwahi kuwa mtu wa kufanya kitu kimya kimya. Niliinama nisome. Nikaupata mwanzo, au nilidhani nimeupata, nikazidi kuinama.

Hakufumbua macho. Alivuta ncha ya kitenge chake, akafunika mdomo.